Kumbukumbu ya mradi: mawakala sita wa programu wanasanifu mfumo mmoja wa maji

Mradi huu ni wa programu sita ndogo. Kila moja inaendeshwa kwenye mashine yake, na kwa pamoja zinasanifu mfumo wa kusukuma maji ya kisima kirefu kwa nguvu ya jua. Wapo wakala wa mahitaji, wa kisima, wa bomba, wa pampu, wa umeme na wa gharama. Hakuna bosi kati yao, na hakuna anayeona hesabu za mwenzake. Hesabu zenyewe si ngumu. Kinachosumbua ni kuwafikisha kwenye uamuzi mmoja ambao kila mmoja anaweza kuutetea, na hilo ndilo linaloandikwa hapa.

Data za majaribio

Watu 800, lita 25 kwa mtu kwa siku, kiwango cha Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya 2002. Hiyo ni mita za ujazo 20 kwa siku. Kwa saa 5 za jua kamili, mtiririko usipungue m³ 4 kwa saa. Maji yaliyotulia yako mita 38 chini, na yanashuka mita 1.75 kwa kila m³ 1 kwa saa inayovutwa. Kisima hakiruhusu zaidi ya m³ 5 kwa saa. Tangi liko mita 12 juu ya mdomo wa kisima.

Bomba ni mita 300 za PE100 (plastiki ya polyethilini), SDR11 (kipenyo cha nje ni mara 11 ya unene wa ukuta), lenye vipenyo vitatu vya kuchagua: milimita 40, 50 na 63. Kwa ndani ni 32.6, 40.8 na 51.4. Msuguano unakokotolewa kwa kanuni ya Hazen-Williams, C (kipimo cha ulaini wa bomba) ikiwa 150. Paneli ni za wati 400, volti 37 zikiwa wazi (bila mzigo) na volti 31 zikiwa kazini. Kontrola, kifaa kinachoendesha pampu kwa umeme wa paneli, inapokea volti 120 hadi 200. Pampu ni mbili, ndogo na kubwa. Ufanisi wa pampu na mota umewekwa asilimia 50, na upotevu wa upande wa jua unabakiza asilimia 75 ya nguvu iliyoandikwa kwenye paneli.

Toleo 0.1: zabuni

Utaratibu wa zabuni ulioelezwa na Reid Smith mwaka 1980 ndio wa kwanza kufikiriwa na watu wengi: wakala mmoja anatangaza kazi, wengine wanatoa zabuni, bora inashinda. Unafaa sana kugawa kazi zinazojitegemea. Hapa haufai, kwa sababu bei ya zabuni ya pampu inategemea bomba ambalo bado halijachaguliwa, na bomba linategemea mtiririko utakaotoka kwenye pampu hiyohiyo. Anayeshinda zabuni mapema anawafunga wengine kabla hawajasema lolote. Toleo hili liliachwa.

Toleo 0.2: kila mmoja atangaze thamani yake

Hapa kila wakala alitangaza chaguo lake bora la sasa, na wengine walikokotoa upya kila walipopata taarifa. Matokeo yake ni mzunguko usioisha, na inafaa kuufuata hatua kwa hatua kwa sababu hutokea karibu kila mahali maamuzi yanapofungamana.

Pampu kubwa kwenye bomba la 50 inatoa m³ 4.5 kwa saa. Msuguano unakuwa mita 7.3 kati ya hedi yote (urefu ambao pampu inainua maji, pamoja na msuguano) ya mita 65.2, yaani asilimia 11. Wakala wa bomba ana kanuni ya kutovuka asilimia 10, kwa hiyo anahamia 63. Hedi inashuka hadi kama mita 60. Wakala wa pampu anaona nafuu hiyo na kuchagua pampu ndogo, mtiririko unakuwa m³ 4.0. Kwa mtiririko huo, bomba la 50 lina msuguano wa mita 5.9 kati ya 62.9, asilimia 9.4, na ni rahisi kuliko la 63. Wakala wa bomba anarudi 50. Sasa pampu ndogo kwenye bomba hilo inatoa m³ 3.7 tu, mahitaji hayatimii, pampu kubwa inarudishwa. Tumefika tulipoanzia.

Kila wakala hapo alikuwa sahihi kwa taarifa aliyokuwa nayo. Kuwapanga wakokotoe kwa zamu badala ya wote kwa pamoja kunapunguza kasi ya mzunguko lakini hakuuvunji. Kupunguza ukubwa wa kila badiliko kunasaidia pale thamani inapoweza kusogea kidogo kidogo, na kipenyo cha bomba hakisogei hivyo: hakuna bomba la 56 la kuegemea katikati.

Toleo 0.3: seti badala ya thamani

Suluhisho lililofanya kazi ni kukataza wakala kutangaza chaguo. Anatangaza seti ya machaguo yaliyobaki, na sababu ya kila alichokiondoa. Wahandisi wa magari wanaufahamu mtindo huu kutokana na Toyota, ambako usanifu huweka njia kadhaa wazi kwa muda mrefu na kufuta zisizowezekana badala ya kukimbilia iliyo bora. Kwa programu faida yake ni ya kihisabati: seti zenye idadi yenye kikomo zikiruhusiwa kupungua tu, lazima zifike mahali zisimame. Mzunguko wa toleo 0.2 hauwezi kutokea.

Mfano wa ujumbe:

```
nambari: umeme-17
kigezo: idadi_ya_paneli
kilichobaki: [5, 10]
sababu: volti za mfululizo
aina: sharti_gumu
dhana: [kontrola_120_200, baridi_10C, joto_la_seli_65C]
saa: 42
```

Ujumbe huo mmoja ulibadilisha sura ya kazi nzima. Asubuhi ya nyuzi 10, volti za paneli hupanda kufikia kama 38.5, hivyo paneli 6 kwa mfululizo ni volti 231 na kontrola inaungua. Seli zikifika nyuzi 65, paneli 4 zinatoa volti 107 na kontrola haiwaki. Mfululizo unaofaa ni wa paneli 5 tu, basi idadi ni 5, au 10 kwa mifululizo miwili. Sita haipo. Bomba la 40 lina msuguano wa mita 17.6 hata kwa mtiririko mdogo kabisa unaoruhusiwa, na linadai wati 2,168 za paneli. Paneli 5 zina wati 2,000. Kwa bomba hilo ingebidi kununua 10, idadi ambayo wakala wa gharama aliikataa kwa sharti gumu, na bomba likafutwa.

Seti za kigezo kimoja kimoja hazitoshi, na wengi hukwama hapa. Bomba la 50 likiangaliwa peke yake linawezekana. Pampu ndogo nayo inawezekana. Zikiwa pamoja haziwezekani, kwa sababu ya ile m³ 3.7. Kwa hiyo mawakala wanatumiana pia jozi zilizokatazwa. Bomba la 50 na pampu ndogo: zimekatazwa na mahitaji. Bomba la 50 na pampu kubwa: zinataka wati 2,132, zimekatazwa na umeme. Bomba la 63 na pampu kubwa: mtiririko unafika 4.9 na nguvu wati 2,185, zimekatazwa pia. Inabaki bomba la 63, pampu ndogo, paneli 5, wati 1,712 zinazohitajika kati ya 2,000.

Angalia kwamba kanuni ya asilimia 10 ya msuguano haikuhitajika kabisa kufikia hapo. Ni pendekezo zuri la mafundi, si sheria ya fizikia, na ndiyo maana kila ujumbe unabeba aina: sharti gumu au pendekezo. Pendekezo haliruhusiwi kufuta kitu, linapanga tu kipi kipendelewe. Katika 0.2 pendekezo hilo lilikuwa na nguvu sawa na volti za kontrola, na ndilo lililousukuma mzunguko.

Mambo ya usafirishaji yanayoharibu makubaliano

Ujumbe unapita kwa MQTT (itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe), broka (programu inayopokea na kusambaza ujumbe) ni Mosquitto, daftari ni SQLite (hifadhidata ndogo) ambalo linaongezwa tu bila kufutwa. Kiwango cha uwasilishaji ni 1, maana yake ujumbe unaweza kufika mara mbili. Kufuta 40 mara mbili hakuna madhara, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda seti. Lakini wakala wa gharama asijumlishe bei kwa kila ujumbe unaoingia. Ajumlishe upya kutoka kwenye daftari.

Saa za mashine zisitumike kupanga matukio. Zinapishana, na uamuzi wa zamani utaonekana mpya. Kihesabu cha mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport cha 1978 kinatosha: ongeza 1 kila unapotuma; ukipokea, chukua kikubwa kati ya chako na kilichokuja kisha ongeza 1. Vikilingana, jina la wakala linaamua.

Wakala akizimika katikati, wengine wasimsubiri milele wala wasidhani amekubali. Kila wakala anasajili kwa broka ujumbe wa wosia, na broka inautangaza muunganisho ukikatika. Uamuzi wa mwisho haufungwi mpaka wote sita wawe hai na wawe wamethibitisha toleo lilelile la daftari. Anayethibitisha toleo la 41 wakati daftari liko 42 anakataliwa na kuambiwa asome tena.

Vipimo viandikwe ndani ya kila thamani. Wakala wa pampu husoma katalogi zenye lita kwa sekunde, na tofauti yake na m³ kwa saa ni mara 3.6, baa 1 ni kama mita 10.2 za maji. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea mwaka 1999 kwa programu mbili kutumia vipimo tofauti vya msukumo wa injini bila kuambiana. Na wigo unapokadiriwa, upanuliwe nje: hedi ya chini ishushwe, ya juu ipandishwe. Ukikadiria kwa ndani, utafuta kitu kinachowezekana, na hakuna wakala atakayejua kukirudisha.

Toleo 0.4: dhana ikibadilika

Zile wati 2,132 zilitokana na dhana kwamba pampu kubwa inazunguka kwa kasi yake kamili. Pampu za jua zenye kontrola hupunguza kasi nguvu ikipungua. Dhana hiyo ikiondolewa, pampu kubwa kwenye bomba la 50 inaweza kuendeshwa taratibu itoe m³ 4.0 kwa wati 1,829, na paneli 5 zinatosha. Lakini seti zinapungua tu. Inarudije?

Kwa orodha ya dhana iliyomo kwenye kila ujumbe. Jon Doyle alieleza mfumo wa aina hii mwaka 1979: kila hitimisho linashika sababu zake, na sababu ikianguka hitimisho linaanguka nayo. Hapa kufuta dhana kunafungua raundi mpya. Daftari linatafuta kila ufutaji uliotaja `kasi_kamili` na kuubatilisha. Ufutaji mwingine wote unahamia raundi mpya kama ulivyo. Bomba la 40 halirudi, kwa sababu lilikufa kwa volti na gharama. Ndani ya raundi seti bado zinapungua tu, na idadi ya dhana ina kikomo, kwa hiyo kazi bado inaisha.

Kilichobaki sasa ni machaguo matatu: bomba la 63 na pampu ndogo, bomba la 50 na pampu kubwa iliyopunguzwa kasi, au bomba la 63 na pampu kubwa hiyohiyo iliyopunguzwa kasi. La pili linahitaji wati 686 za maji kutoka wati 1,500 za umeme (asilimia 75 ya zile 2,000), hivyo ufanisi usishuke chini ya asilimia 46. Pampu ikizungushwa mbali na kasi yake ya kawaida, ufanisi hushuka, na asilimia 50 iliyoandikwa kwenye data haiwezi tena kuwa namba moja. Kazi inayofuata ni wakala wa pampu kutangaza ufanisi kama wigo kwa kila kasi, kutoka kwenye michoro ya katalogi, kisha raundi ya tatu iendeshwe.