Siku Moja na Nzi Wangu wa Ishaka

Saa 11 alfajiri. Nimeamshwa na ukimya: friji ya jirani imenyamaza, maana yake umeme hakuna. Mbio hadi maabara, hapa Ishaka, Uganda. Kabati la nzi wangu wa utafiti linatakiwa kukaa nyuzi 25, kipimo kinasoma 22. Wako hai. Jenereta lipo, mafuta ndiyo hayapo. Wimbo ule ule.

Saa 2 nawapikia. Unga wa mahindi, sukari, hamira, agari kidogo ili uji ugande. Mlinzi akichungulia huuliza kama kuna mgonjwa.

Saa 4 hadi 6 nafundisha. Saa 7 rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, nikiwa nimesimama kibandani.

Saa 8 ndipo kazi yenyewe. Mwanafunzi wangu anapanga mezani mirija sita ya kioo, kila mmoja una nzi wa matunda 20. Baadhi wamelishwa rotenoni kwa siku saba. Sisi watoto wa Ukerewe sumu hii si ngeni: imo kwenye utupa, mmea ambao wazee waliuponda na kuumwaga majini ili samaki walewe na kuelea. Inavuruga mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, na seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, huumia mapema. Ndizo zinazokufa kwa binadamu mwenye Parkinson, ugonjwa unaoleta mtetemeko, kupunguza kasi ya mwendo na hata kufanya mwandiko uwe mdogo. Nzi wengine wamepewa sumu pamoja na manjano, haya haya ya jikoni.

Nagonga mrija, wote wanaanguka chini. Nzi mzima hupanda ukuta papo hapo. Tunahesabu watakaovuka alama ya sentimita 8 ndani ya sekunde 10. Mrija wa kwanza, 17. Wa tatu, 5. Mmoja anafika nusu, anasita, mguu unamchezacheza, anateleza, anaanza upya. Mirija ina herufi tu; majibu yamo kwenye bahasha iliyofungwa. Nikijua manjano yako wapi, jicho langu litahesabu kwa huruma.

Saa 1 jioni napitia dukani kwa Mzee, askari mstaafu mwenye Kiswahili cha kambini. Mkono wake wa kulia hutetemeka ukipumzika, ukishika kitu unatulia kiasi.

“Mwalimu, nzi wako wamepona?”

“Bado, mzee wangu.”

“Basi nipe mimi hayo manjano. Mimi si nzi, nitakupa jibu haraka.”

Namsihi aendelee na levodopa yake. Inamrudishia dopamini iliyopungua, lakini haizuii seli kufa, na mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia. Hilo la pili simwambii kila siku.

Anaandika deni langu la mkate. Neno linaanza na herufi kubwa kama kidole, linaisha dogo kama punje ya mtama. Nafunua kurasa za nyuma za daftari, nikijifanya natafuta deni la mwezi uliopita.