Siku ya milango mitatu Sinza

Saa 11 alfajiri. Nipo kwenye daladala kutoka Mbagala, randa ya umeme nimeipakata kama mtoto. Konda anadai nauli ya mzigo. Namwambia huyu bado ananyonya. Abiria wanacheka, yanaishia hapo.

Saa 2. "Shikamoo mama." "Marahaba fundi, karibuni." Milango mipya ya mbao za mkongo imeegemezwa ukutani. Ile ya zamani ilivimba masika ikagoma kufunga. Fremu zinabaki, na ugomvi wangu uko hapo: fremu ya chumba cha kwanza juu ina sentimita 81, chini 80.6. Mlango ni 80.8. Nataka upenyo wa milimita 3 kila upande, kwa hiyo juu natoa milimita 4, chini 8. Napiga mstari kwa penseli.

Saa 3. Dogo, msaidizi wangu, anaushika mlango umesimama kwa ubavu. Randa naiweka milimita moja tu, maana mbao ikishaliwa hairudi. Kuanza, nakandamiza mbele. Kumalizia, uzito nauhamishia nyuma, la sivyo mwisho wa mlango unachimbika. Ikianza kunyofoa vipande, najua nakwenda kinyume na nyuzi, nageuza upande. Ubavu wa kitasa naulaza kidogo, ule ukingo unaotangulia kuingia usigonge fremu. Maranda yametua hadi kwenye kanga za mama alizoanika. Anatutazama tu.

Saa 5 na robo. Kimya. Umeme wa Luku umeisha, na simu ya mama haina salio la kununua mwingine. Natoa randa ya mkono, urithi wa baba. Kwa kichwa cha mlango naipenda zaidi hata umeme ukiwepo: pale nyuzi zimekatwa, ukiranda moja kwa moja kona ya mwisho inapasuka. Naanzia kila kona kuja katikati.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 9. Umeme umerudi. Dogo kaiweka randa chini kisu bado kinazunguka. Ikajitembeza yenyewe juu ya vigae, ikasimama karibu kabisa na waya wake. Tuliangalia vigae kwanza, kisha tukaangaliana. Mama alikuwa jikoni, ashukuriwe Mungu.

Saa 11 jioni. Bawaba na vitasa vimekaa. Kila nilipopitisha randa napaka vanishi, juu na chini pia, maana mbao mbichi inakunywa unyevu wa Dar na masika ijayo ningeitwa tena. Mama anafunga, anafungua, anafunga.

"Hausemi kabisa! Fundi, na ule wa stoo?"