Mjomba alisema ni kiungulia cha daku

Leo wacha niandike hii, maana kila Ramadhani ikifika inanirudia. Ilikuwa 2020, Leicester, Uingereza, tumejifungia tangu ile Machi 23 walipotangaza watu wasitoke, nyumba moja tunakaa wabongo wanne, watatu tunabeba maboksi na Mjomba ndo anaendesha teksi. Si mjomba wangu wa damu, mtu wa Tanga, hamsini na kitu, presha anayo, dawa anakunywa akikumbuka, ila daku anapika yeye na hakuna wa kumfikia.

Wiki ya kwanza ya mfungo, saa tisa usiku tumekula wali na maharage ya nazi, akasema kifua kinamchoma. Kiungulia hiki, kasema mwenyewe. Na kikohozi alikuwa nacho siku mbili, hapo ndo tulipoharibu, maana sote vichwani mlikuwa na korona tu, mmoja akachemsha tangawizi na limau, mwingine akapiga Bongo ambako kulishakaribia kucha, wakasema mpigeni nyungu, tukamfunika blanketi na sufuria la mvuke, mtu moyo unaziba sisi tunamfukiza! Nikasema tupige 999, namba ya dharura ya huku, ambulensi ije. Akagoma, "nikienda huko sirudi." Usimcheke. Kila jioni tulikuwa tunasomewa idadi ya waliokufa, nani alitaka hospitali? Ile Aprili watu waliokwenda emajensi England nzima walipungua zaidi ya nusu ukilinganisha na Aprili ya 2019, na si kwamba mioyo ilipumzika, watu walikaa na maumivu yao majumbani kama Mjomba.

Saa kumi akaenda kulala, anaongea vizuri tu. Saa nne asubuhi napita chumbani kwake nakuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Mjomba vipi? "Bado." Unaumwa wapi? "Bado." Nikapiga simu huku natetemeka.

Wakaja wamevaa kama warina asali, wakaniuliza swali linalonitesa mpaka leo, mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi. Kumbe kiharusi hawahesabu tangu ulipomkuta, wanahesabu tangu ulipomwona mzima, na ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu wanaitoa ndani ya masaa manne na nusu. Yeye alishafika sita. Wakambandika nyaya kifuani, karatasi ya moyo ikatoka, wakatazamana. Vyote viwili kwa mpigo, moyo na ubongo, na mji huu moyo una hospitali yake na kiharusi kina yake, wakawa wanabishana kwenye redio gari lielekee wapi, mi nimesimama mlangoni na kandambili. Kupanda hakuna, kwenda kumwona hakuna, na sisi tuliobaki siku 14 ndani.

Jioni daktari akapiga, dada mmoja mpole sana. Korona anayo, na huu ugonjwa unafanya damu igande ovyo. Wamepiga picha ya kichwa, hakuna damu iliyovuja, basi wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkononi mpaka moyoni, wakazibua na kuweka stenti, kibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi. Sasa kazi ikawa hii, stenti inataka dawa za kuzuia damu isigande, aspirini na nyingine juu yake, lakini ubongo ulioumia leo leo ukiupa dawa hizo unaweza kuvuja. Ukiusaidia huu unauhatarisha ule. Akasema kesi kama hizi ni chache, hamna njia moja iliyonyooka, wanapima siku kwa siku. Nilipenda kwamba hakunidanganya.

Mkewe yuko Tanga, ndege za kimataifa Tanzania ilishasimamisha, hata kama nauli ingekuwepo. Ananiuliza mimi, mi namuuliza nesi, nesi anamuuliza Mjomba. Na simu yake imezima, chaja tuliisahau ukutani, ikabidi jirani Mgujarati aipeleke getini.

Siku ya nne nesi kapiga ana wasiwasi, mgonjwa kila akiulizwa anasema "bad, oh", "bad, oh", wameshampima maumivu mara tatu. Jamani nilicheka mpaka nikalia. Dada, hasemi ni mbaya, anasema bado! Ndo neno pekee lililobaki, Kiingereza chote cha miaka 19 ya teksi kilikuwa kimepotea. Nikamtajia herufi kwa herufi, m-a-j-i, c-h-o-o, akaandika karatasi akabandika juu ya kitanda. Kesho yake wakaniwekea video, nesi anamuonyesha glasi anasema "maji?" kwa lafudhi ya ajabu, na Mjomba akaitikia kwa kichwa. Mkewe nilimrekodia ile.

Alitoka baada ya wiki saba. Teksi basi tena, anatembea na fimbo, mkono wa kulia unashika kijiko lakini kifungo cha shati haukiwezi. Maneno yamerudi mengi, Kiswahili kilitangulia, Kiingereza kinakuja kikichechemea.

Daku sa hivi napika mimi. Juzi nimempa mchuzi aonje, akakunja uso, akasukuma bakuli kwangu.

"Bado," kasema. "Chumvi."