Jamani hiyo fomu 8850 msiiweke kwenye droo

Kuna kipindi nilikuwa nafanya kazi ofisini kwenye kampuni ndogo ya usafi hapa Marekani, mi ndo nilikuwa napokea watu wapya, nawapa makaratasi wajaze, nakopi vitambulisho. Siku moja akaja jamaa ana miezi minne tu tangu atoke jela, intavyuu ameifanya vizuri na bosi kashampenda. Kabla hajapewa kazi rasmi nikampa fomu 8850, ile ya serikali ambayo mwajiri anaituma ili apunguziwe kodi akiajiri watu wa makundi fulani. Akasoma taratibu mpaka kwenye kiboksi namba 2, hapo kalamu ikasimama. Akakaa kimya weee, mkono uko juu ya karatasi, alafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nikitiki hapa si ndo mnanikataa?"

Nikamwambia kaka soma orodha yote. Kiboksi ni kimoja lakini chini yake kuna watu wengi, kuna wa miaka 18 mpaka 39 ambao familia zao zinapata SNAP (msaada wa chakula wa serikali), kuna wanaopokea SSI (hela ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wa kipato kidogo), kuna walioletwa na ofisi zinazosaidia watu wenye ulemavu kurudi kazini, na kuna waliohukumiwa au kutoka jela kwa kosa kubwa la jinai ndani ya mwaka mmoja. Unatiki mara moja tu, karatasi ile haikuulizi wewe ni yupi kati ya hao (fomu ya pili, 9061, ndo inaingia kwa undani). Na ukitiki anayepunguziwa kodi ni bosi, kwa hiyo hapo unampa sababu ya kukuchukua. Akatiki.

Huu mpango wa kumpunguzia mwajiri kodi unaitwa WOTC (Work Opportunity Tax Credit), ulianza 1996 ukachukua nafasi ya mwingine uliokuwepo tangu 1978. Hesabu yake kwa makundi mengi ni hivi, mtu akifanya masaa 400 na kuendelea mwajiri anapunguziwa kodi asilimia 40 ya mshahara wa mwaka wa kwanza, ila wanahesabu dola 6,000 za mwanzo tu, so inafika dola 2,400. Akiishia kati ya masaa 120 na 399 ni asilimia 25. Chini ya 120 hamna kitu. Maveterani wana viwango vyao, wengine inafika 9,600. Hata mtu aliyekaa bila kazi wiki 27 mfululizo na akapata mafao ya kukosa kazi kwa sehemu ya muda huo naye yumo.

Sasa nirudi kwa yule kaka maana ndo kinachoniuma. Fomu ameijaza siku inayotakiwa, yaani kabla au siku ileile ya kupewa kazi, kazi kaanza, hachelewi, masaa 400 kayapita. Lakini ile fomu inatakiwa ifike ofisi ya ajira ya jimbo ndani ya siku 28 tangu mtu aanze kazi, na yetu ilikaa kwenye droo ya bosi anasema ataisaini kesho, kesho, mpaka siku 28 zikapita. Ilipotumwa jimbo likakataa. Dola 2,400 zimeenda hivyo, na kwa kampuni ya watu wachache hizo si hela ndogo. Kibaya zaidi bosi akatoka hapo anasema haya mambo ya serikali ni usumbufu mtupu, na mwingine aliyetoka jela alipokuja kuomba hata intavyuu hakupewa. Droo ya ofisi imemfungia mtu mlango na yeye wala hajui.

Makampuni makubwa yana watu wa kushughulikia hii kitu tangu mtu anapoomba kazi. Wanaokosa ni hawa wadogo, wa usafi, wa kulea wazee, wa malori, na huko ndo ndugu zetu wengi wamejiajiri.

Mi naona na hayo masaa 400 ni machache, ni wiki 10 tu za kazi kamili, bosi asiye na moyo anaweza kumwacha mtu hapo. Familia zilizokaa muda mrefu kwenye TANF (msaada wa hela kwa familia maskini zenye watoto) zina utaratibu mzuri zaidi, mwaka wa pili mwajiri anapata asilimia 50 ya dola 10,000, kwa hiyo ana sababu ya kumbakisha mtu. Natamani na waliotoka jela wangepewa hivyo.

Halafu tarehe. Sheria iliweka mwisho kwa walioanza kazi mpaka 31 Desemba 2025, baada ya hapo ni mpaka Kongresi iongeze muda. Ila iliwahi kuisha mwisho wa 2014, ikarudishwa Desemba 2015 na kuhesabiwa kuanzia Januari ya mwaka huo, na waliokuwa wameendelea kujazisha watu fomu muda wote huo walikuwa na cha kupeleka. Kwa hiyo mi fomu 8850 bado naitoa pamoja na karatasi ya kuomba kazi, na mtu akianza tu nahesabu siku 28 kwenye kalenda ya ukutani nazungushia wino mwekundu, bosi anasaini mbele yangu.