Vidole viwili chini ya dole gumba

Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, natazama mshale wa sekunde na kuhesabu dakika nzima. Nilipoanza kukimbia miezi saba iliyopita nilipata mapigo 78. Leo ni 63.

Nilianza kuhesabu kwa woga. Wiki ya kwanza ya mazoezi nilikimbia dakika kumi, nikasimama ghafla huku natweta. Macho yakaingia giza, magoti yakalegea, ikabidi nikae chini palepale. Niliamini kabisa moyo umenishinda.

Kumbe moyo hauwezi kusukuma damu ambayo haijarudi. Unapokimbia, mishipa ya miguuni hutanuka, na kila hatua mashavu ya miguu hukamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Ndani ya vena mna vali zinazozuia damu isishuke tena, kwa hiyo inapanda kifuani. Mimi nilikuwa nimezima pampu ya miguu kwa mara moja. Damu ikatuama chini, kichwa kikapungukiwa. Siku hizi nikimaliza kukimbia natembea dakika tano, na giza lile halijarudi.

Nikiwa nimetulia, kila pigo hutoa kama mililita 70, jumla lita 5 hivi kwa dakika, yaani karibu damu yote ya mwili. Mtu wa kawaida mwenye afya akikimbia kwa nguvu anaweza kufikia lita 20. Kwanza ubongo hulegeza breki: kuna neva inayoushika moyo usiende mbio tukiwa tumepumzika. Baadaye homoni ya adrenalini huongeza kasi. Halafu kuna jambo ambalo mimi hunigusa sana: damu nyingi ikirudi, ukuta wa moyo hutanuka zaidi, na ukitanuka hubana kwa nguvu zaidi. Haungoji amri ya ubongo. Unachopokea ndicho unachokitoa.

Watu husema moyo haupumziki tangu tumboni hadi kaburini. Sikubaliani nao. Hupumzika kati ya pigo na pigo, na hapo ndipo hasa unapojilisha. Upande wa kushoto ukibana, huiminya mishipa yake wenyewe, hivyo damu yake huipata zaidi ukilegea. Mapigo yakienda mbio, muda wa kubana hupungua kidogo tu. Kinachokatwa sana ni ule wa kulegea.

Ndiyo maana namba 63 inanifurahisha kuliko umbali wowote niliokimbia. Mazoezi yameufanya moyo wangu utoe damu zaidi kwa pigo moja, basi hauhitaji kupiga mara nyingi. Katika saa nane za usingizi, hayo mapigo 15 yaliyopungua kila dakika ni zaidi ya 7,000. Asubuhi hii nilipofika mwisho wa kuhesabu sikuondoa vidole. Pigo, kisha kimya, kisha pigo. Kimya kile kimerefuka.