Kikao cha kufunga mwaka

Leo jioni chama chetu cha historia na utamaduni hapa Dodoma kimefanya kikao cha kufunga mwaka.

Mwaka huu tulikwenda Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na tukatembelea tembe moja ya Kigogo, nyumba ya jadi yenye paa bapa la udongo, ambayo bado inakaliwa.

Katibu alipomaliza kusoma taarifa, bibi mmoja aliomba apewe ngoma ya muheme, ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake.

Akaibana katikati ya magoti, akapitisha kiganja taratibu juu ya ngozi kana kwamba anambembeleza mtoto, kisha akaanza kupiga.

Mimi nilitazama vidole vyake.

Vilikuwa vimepinda kwa uzee, lakini havikukosa pigo hata moja, na mjukuu wake, aliyekuwa ameshika simu muda wote wa taarifa, aliiweka chini akasogea karibu.

Nimerudi nyumbani mlio ule ukiwa bado masikioni.

Ndugu zangu, ni nani kati yenu aliyefundishwa muheme na mama au bibi yake? Naomba mnisimulie.