Simu Bandani: Siku Nne Lancaster kwa Waamishi na Wamennonite

Alhamisi

Kundi linalotaka kula chakula cha jioni nyumbani kwa Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa utaratibu wa zamani na walio ndugu wa Wamennonite, wilaya ya Lancaster, Pennsylvania, Marekani, lianze kuomba nafasi wiki kadhaa kabla. Simu wanayo, ila haimo ndani ya nyumba. Imo kwenye kibanda uani au ukingoni mwa shamba, mara nyingi inatumiwa na kaya kadhaa, na mwenyeji huenda huko kusikiliza ujumbe akipata nafasi. Acheni ujumbe ulio kamili: jina la kundi, namba, siku, idadi yenu, na nani hali nyama ya nguruwe. Kisha subirini. Kupiga mara kumi hakuharakishi kitu. Watu 12 hadi 14 wanaenea kwenye gari moja na meza moja. Wakiwa 30, mwenyeji atakuwa anahudumu tu, na mazungumzo mliyoyafuata hayatakuwepo.

Kibanda hicho kinastahili kutafakariwa usiku wa kwanza, kwa sababu safari nzima imo ndani yake. Simu haikukataliwa. Waamishi waliiuliza: ukikaa sebuleni kwetu, watu wataendelea kutembeleana? Baada ya hapo ikapewa mahali ambapo mtu huifuata akiwa na haja, nayo haiwezi kumkatiza mtu chakula wala sala.

Ijumaa

Leo ni siku ya shamba, na tunaomba isiharakishwe. Ombeni kuonyeshwa chumba cha mashine kabla ya farasi. Umeme wa gridi hauingii nyumbani. Msimamo huo ulishika mizizi karibu na mwaka 1920. Badala yake, injini ya dizeli bandani huzungusha kompresa, hewa hujazwa kwenye tangi kubwa, halafu hupita kwenye mabomba hadi jikoni na karakana. Hewa hiyo huendesha pampu ya maji, cherehani, mashine ya kufulia na msumeno wa seremala. Friji na jiko ni vya gesi ya mtungi. Taa husimama juu ya kabati dogo lenye magurudumu, mtungi ukiwa ndani ya kabati, ingawa siku hizi betri na sola zinazidi kuingia. Adui wa mfumo huu ni unyevu: hewa ikishindiliwa na kupoa hutoa maji, maji hutuama, na majira ya baridi huganda. Ndiyo maana tangi huwa na koki chini ya kuyamwagia.

Kwenye maziwa ndiko swali lilikokuwa gumu zaidi. Miaka ya 1960 wanunuzi walitaka maziwa yapoozwe kwenye matangi makubwa, na bila soko hilo mashamba yangekufa. Maaskofu wa Lancaster hawakusema ndiyo tu, wala hapana tu. Walitoa masharti: dizeli ipooze, betri ya volti 12 ikoroge, na lori lisije kuchukua maziwa Jumapili.

Shambani utaona nyumbu wakivuta mashine ya kufunga nyasi ambayo ina injini yake yenyewe. Mgeni huona hapo mkanganyiko. Lakini trekta lenye matairi ya mpira linaweza kwenda mjini, na likishaweza kwenda mjini limekuwa gari. Mwenye gari hana tena sababu ya kukaa karibu na kanisa lake na ndugu zake. Trekta lenyewe wanalo wengi, limeegeshwa bandani kuendesha mashine nyingine, na haliendi kulima.

Dereva wenu naye ana lake la kujifunza. Gari la farasi huenda kilomita 13 hadi 20 kwa saa, na hatari kubwa ni kuligonga kwa nyuma. Ukiona pembetatu ya rangi ya chungwa mbele, punguza mwendo mapema, usipige honi, pita ukiacha nafasi pana.

Mezani, baba akiinamisha kichwa, nyamazeni. Sala ni ya kimya, mwanzo wa chakula na mwisho wake, na mgeni aliyezoea kuomba kwa sauti huikatiza bila kujua. Kamera ibaki ndani ya gari. Watu waliobatizwa hawapendi kupigwa picha za sura zao, na kuwapiga kwa mbali kwa siri ni utovu wa adabu uleule.

Jumamosi

Asubuhi ni ya kutofautisha watu. Hapa Lancaster, gari la farasi la kijivu ni la Waamishi, na jeusi ni la Wamennonite wa utaratibu wa zamani, ambao wana umeme na baiskeli na hulimia matrekta ya magurudumu ya chuma. Vijana wa Kiamishi husukuma skuta kwa mguu. Msiichukue kanuni hiyo ya rangi hadi Ohio, kwani huko Waamishi wana magari meusi. Wamennonite wengi wengine huendesha magari ya kawaida, na huwezi kuwatambua kwa mavazi.

Nyumba ya Hans Herr, nyumba ya kale ya Wamennonite, ya mawe, ya mwaka 1719, ni mahali pazuri pa kusimulia chanzo. Januari 1525 mjini Zürich, watu wazima walibatizana upya kwa kuamini kwamba imani haiwezi kuamuliwa na mzazi wala serikali. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni Limmat mnamo 1527 kwa ajili hiyo. Menno Simons, padri wa Friesland, alijiunga nao mwaka 1536, na jina la Wamennonite likatoka kwake. Mwaka 1693 kundi la Jakob Ammann lilijitenga, hasa kwa suala la kumtenga mshirika aliyeasi, nao ndio Waamishi.

Kijiji cha Nickel Mines kiko karibu. Oktoba 2, 2006, mtu mwenye bunduki aliua wasichana watano katika shule ya Waamishi huko. Siku ileile Waamishi waliiendea familia ya muuaji, na baadaye wakasimama kwenye mazishi yake. Shule ilibomolewa. Kundi lisiende kutafuta kiwanja chake. Zungumzeni habari hiyo mkiwa pale Hans Herr, karibu na habari za Manz, kwa sababu msamaha ule ulikuwa umefanyiwa mazoezi kwa karne nyingi.

Jumapili

Ibada ya Kiamishi hufanyika nyumbani kwa mshirika Jumapili moja baada ya kuruka moja, kwa muda wa takriban saa tatu, na haiendewi bila mwaliko. Wimbo wa pili ni uleule kila mara, taratibu, bila ala, na unaweza kufika dakika 20. Wahubiri hawasomei kazi hiyo wala hawalipwi. Washirika humnong'oneza kiongozi majina. Wenye kura za kutosha, kwa kawaida tatu, huketi mbele ya vitabu vya nyimbo vya idadi yao, na kimoja kina karatasi yenye mstari wa Biblia. Aliyekichukua ni mhubiri hadi kufa kwake, kama Mathia katika Matendo ya Mitume.

Kundi basi liende kanisa la Wamennonite, na Mtanzania hapo si mtalii. Wamisionari waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, Elam Stauffer na wenzake, walitumwa na Wamennonite wa Lancaster hii hii. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa Mtanzania wa kwanza kuwa askofu wa kanisa hilo. Kutawadhana miguu kwenye Meza ya Bwana, ambako mkristo wa Musoma hahitaji kuelezwa, Mwamishi naye anako. Hata watoto wanafanana: Kijerumani cha Pennsylvania nyumbani, Kijerumani cha Biblia kanisani, Kiingereza shuleni. Mtoto wa Mara aliyeanza na Kiluo au Kikuria nyumbani, akasali kwa Kiswahili, akafanya mtihani kwa Kiingereza, anaujua mzigo huo.

Usiku, kabla ya kufunga mizigo, kila mmoja aandike barua ya shukrani kwa mkono, kwenye karatasi, yenye anwani kamili na stempu. Msimpelekee mwenyeji baruapepe. Barua itasomwa mezani kwa sauti, na huenda ikajibiwa.